Kabla Hujanunua Skrini, Keti Chini

Mtu akinipigia simu kuniuliza anunue skrini gani ya kuchezea gemu, swali langu la kwanza ni hili: unapocheza, unaketi wapi? Vijana hulichukia swali hili. Wao wamekwisha soma mtandaoni, wana herufi zao za aina za vioo tayari, TN, VA, IPS, na wanachotaka ni mimi nitaje moja wakanunue. Juzi mtoto wa mpwa wangu, aliyezaliwa papa hapa Birmingham, aliniambia, "Bibi, just tell me which one." Nikamwambia, "Nijibu kwanza." Akasema anacheza kitandani, kalala ubavu. Haya, nikamwambia, sasa tunaweza kuzungumza.

Mimi ni Salma, mtu wa Unguja, na nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kukagua na kuuza skrini katika duka moja la Coventry Road, Small Heath, miaka ile ya elfu mbili, wakati skrini za chogo zinaondoka na zile bapa zinaingia. Chogo wengi wenu hamkuziwahi. Ni zile zilizobeba kisogo kirefu nyuma, nzito kama gunia la mchele, ukiiweka juu ya meza ya kukunja, meza inalalamika. Tulikuwa tukinunua kompyuta zilizotumika maofisini, tunazisafisha na kuziuza. Wazazi walikuja kutafuta kompyuta "ya kusomea." Watoto walisimama nyuma yao wakiulizana kwa sauti ndogo kama itaweza kuchezesha gemu fulani. Sisi tulisikia, wazazi nao walisikia, na biashara iliendelea.

Aliyenifundisha kazi ni fundi wa Kisumu, Mzee Odhiambo, mrefu, mpole, na mbishi kuliko wateja wote. Skrini bapa hakuzipenda tangu siku ya kwanza. Alisema picha imelazwa juu ya kioo kama siagi iliyopakwa na mtu bahili. Lakini hata hizo chogo alizozipenda hakuziamini. Chogo ukiichomoa ukutani bado inabaki na umeme ndani, na umeme wenyewe si wa mzaha. Yeye ulishamrusha mara moja akaangukia rafu ya kibodi.

"Salma, hii kitu haina urafiki," aliniambia. "Ukifungua, mkono moja weka kwa mfuko. Ikikushika, ikushike huo mwingine tu, isipite kwa roho."

Buibui langu halikuwa na mfuko. Nikaenda nyumbani nikashona mmoja, upande wa kushoto, na mabuibui yangu yote ya kazini yakawa na mfuko mmoja wa kuhifadhia uhai. Wenzangu waliponiuliza ni mtindo gani ule, niliwaambia ni mtindo wa Kisumu.

Sasa niwape mambo ya kazi. Picha ya dukani inadanganya, na haijaacha kudanganya mpaka leo. Dukani kuna taa nyingi, na skrini imewashwa mwanga wake wote, rangi zimekolezwa mpaka nyanya inaonekana kama imepakwa rangi ya mlango. Ukifika nayo nyumbani, chumbani kwako pana balbu moja na pazia, macho yanakuuma na huelewi kwa nini. Cha kukagua kwanza si rangi, ni weusi. Mzee Odhiambo alikuwa akijifunika koti kichwani pamoja na skrini, anaweka picha nyeusi tupu, anatazama kama mwanga unavuja pembeni. Mimi koti lilinitia joto, nikaleta kanga. Najifunika, natazama pembe moja baada ya nyingine, kisha naweka picha nyeupe nitafute nukta zilizokufa, na nikitafuta nina tabia ya kunong'ona.

Siku moja bibi mmoja wa kwetu aliingia akanikuta hivyo, mtu mzima, kanga kichwani, nanong'ona. Akarudi nyuma taratibu mpaka kwa Odhiambo na kumuuliza kwa adabu kama nina pepo nimekuja kupungwa. Odhiambo hakulielewa swali hata kidogo, lakini hakupenda kumvunja moyo mteja. "Eeh mama," akamjibu, "hiyo hufanya kila asubuhi." Ilinichukua muda kumrudisha yule bibi dukani.

Kipimo changu cha pili kilikuwa kanda ya harusi ya dada yangu, niliyoitia kwenye kompyuta. Kuna mahali wanawake wameketi chumbani, wamebanana, wote na mabuibui meusi, na taa ni hafifu. Kwenye skrini mbovu unaona rundo la makaa lenye nyuso. Kwenye skrini nzuri unaliona bega la huyu na mkono wa yule, na ukitazama vizuri unaiona hata nakshi ya hariri nyeusi kwenye mkono wa shangazi yangu. Vijana wa gemu walinicheka mpaka nilipowaeleza: yule adui anayekuvizia kwenye ukumbi wa giza naye kavaa nyeusi. Kama shangazi humuoni, yule hutamuona kabisa, utajikuta umekufa tu. Hapo waliinamia skrini, wakaanza kumtafuta shangazi.

Na zile herufi, kwa ufupi, zilivyokuwa enzi zetu. TN ilikuwa nyepesi mfukoni na haraka, mpira ukipigwa hauachi mkia nyuma yake, lakini rangi zake kidogo zimefifia na yataka uielekee uso kwa uso. VA ilikuwa na weusi wa kweli, shangazi yangu alionekana mpaka pete, ila picha ikikimbia ilichelewa na kuacha kama masizi. IPS ilionekana sawa kutoka kila upande, na bei yake iliwafanya akina mama warudishe mkoba begani. Siku hizi zote zimetengenezwa vizuri zaidi na tofauti zimepungua, lakini tabia za ukoo hazijaisha. Namba zilizoandikwa kwenye sanduku msizisujudie. Aliyeziandika ndiye anayeuza.

Basi ndiyo nije kwa Bwana Haji, maana yeye ndiye sababu ya mimi kuuliza watu wanaketi wapi.

Bwana Haji alikuwa dereva wa basi, mtu wa kwetu, akikaa Bordesley Green na mkewe, Bi Mwanaidi. Alifanyiwa operesheni ya mgongo, ikawa ngazi hawezi kupanda, kitanda kifupi kikatiwa sebuleni, na akawa hapo siku nyingi, kalala chali. Alikuwa na kompyuta yenye skrini ya chogo, iliyokaa juu ya kistuli miguuni pake, na gemu la kuendesha magari. Wengine wakiugua husoma, Haji aliendesha. Njia aliyoipenda ni ya usiku, porini, taa za gari tu. Alisema ndiyo mazoezi ya macho, kwa sababu zamu yake kazini ilikuwa ya alfajiri, na alfajiri ya hapa wakati wa baridi mnaijua, ni kiza kitupu.

Madereva wenzake wakaja kumtazama mgonjwa. Kwetu mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, nao walikuwa wamejikusanya, wakaja na skrini mpya, bapa, inang'aa. Wakaiweka juu ya kabati la droo, juu kabisa, mahali pa heshima, na chogo likatolewa likawekwa ukumbini. Wakasimama wote kukizunguka kitanda, wakaiwasha, wakaisifu.

"Unaonaje, Haji?"

"Naona vizuri sana," akawajibu. "Mungu awalipe."

Sikuwapo siku hiyo. Mimi nilijua habari hii baadaye, Bi Mwanaidi aliponipigia simu nikalichukue lile chogo, maana kila anayepita ukumbini analikwaa. Nikaenda mchana na kigari cha dukani. Alinifungulia mlango, akanishika mkono, akaniweka pale pale ukumbini kabla sijaingia ndani.

"Salma, Haji kesho anakwenda ofisini kuwaambia harudi tena kazini."

"Mgongo haujapoa?"

"Umepoa. Daktari kasema aanze kutembea, akipata nguvu arudi. Yeye ndiye hataki. Na lile gemu kaliacha, haligusi. Ati kazi imemchosha. Haji huyu, aliyekuwa akienda na homa nikimfungia mlango?" Akatikisa kichwa. "Nimemuuliza mpaka nimejichosha. Anageukia ukuta."

Nikaingia, nikatoa salamu. Haji alinijibu vizuri, lakini sauti yake haikuwa yake. Macho yangu kwa mazoea ya kazi yalikwenda juu ya kabati. Nikaomba ruhusa niiwashe, nikasimama mbele yake, lile gemu likaanza kujiendesha lenyewe kama yafanyavyo yasipochezwa: njia ya usiku, lami imelowa mvua, mstari mweupe, miti huku na huku. Ilikuwa TN, nyepesi, lakini si mbaya.

"Mashallah, zawadi nzuri hii," nikasema.

"Nzuri sana," akasema Haji, anatazama dari.

Bi Mwanaidi alikuwa amekwisha tandika mkeka chini, ubavuni mwa kitanda. Wali wa nazi, mchuzi wa kuku, achari ya embe. Nilisema nina haraka, lakini hayo ni maneno tu ya adabu, na yeye hakuyasikiliza. Nikanawa, nikaketi mkekani, nikatia tonge, nikainua macho.

Njia haikuwapo. Lami, mstari mweupe, miti, vyote vimekuwa masizi, na pale palipokuwa na wingu jeusi sasa pana weupe wa ajabu, kama picha iliyogeuzwa ndani nje. Nikajiinua kidogo kwa goti, njia ikarudi. Nikaketi, ikapotea. Nikajiinua tena.

"Vipi?" Bi Mwanaidi akauliza. "Umeona unywele kwenye wali?"

Nikageuka kumtazama Haji. Kichwa chake juu ya mto kilikuwa sawasawa na changu.

"Bwana Haji," nikamwambia, "ile njia unaiona?"

Alimwambia mkewe amletee maji ya kunywa. Gilasi ya maji ilikuwa pale pale ubavuni mwake, imejaa. Bi Mwanaidi aliiona, na akainuka hivyo hivyo akatoka.

"Siioni, Salma," akasema. "Tangu walipoileta siioni. Mwanzo nilidhani ni dawa. Wenzangu wote waliiona, walisimama hapo wakaisifu, hata watoto wao. Mimi naona kiza. Mchana huu naona kila kitu, hata wewe nakuona. Penye kiza ndipo sioni. Na baba yangu alianza hivi hivi, kwanza usiku, kisha mchana."

"Umemwambia daktari?"

"Nimwambie aandike? Bora nitoke mwenyewe na heshima yangu." Akatazama skrini kule juu. "Nitabeba vipi watu alfajiri kwa macho haya? Akinikatizia mtoto njiani?"

Nilimwonea huruma, na hapo hapo nikaingiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi. Kwa wale madereva walioleta zawadi kwa mapenzi? Kwa Haji aliyeona aibu kuitia zawadi ila? Mtu katika sisi hasemi kwamba zawadi haifai. Anashukuru, anaiombea dua aliyeileta, na akibaki peke yake anajilaumu yeye.

"Bwana Haji," nikamwambia, "mimi macho yangu mazima. Hapa nilipoketi, na mimi siioni."

Akageuza kichwa. "Unasemaje?"

"Siioni. Nikisimama naiona, nikiketi siioni. Wenzako walisimama."

Bi Mwanaidi hakuwa ameyafuata maji. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaja bila neno, akaketi mkekani karibu yangu, akatazama juu. "Mbona pamekuwa peusi," akasema. Akajiinua, akaketi tena. Kisha akamtazama mumewe, na nikaona ameelewa ni mzigo gani aliokuwa ameulalia peke yake siku zote zile, na yeye akidhani mumewe amemchoka. Alimshika mguu juu ya shuka. Mimi nikajishughulisha na wali.

Tuliiteremsha skrini tukatafuta pa kuiweka. Kistuli kilikuwa kimekwisha pelekwa kwa jirani. Bi Mwanaidi akaleta kile kibao chake cha kukunia nazi, tukakikunja meno yake chini, tukaipandisha skrini juu yake, ikamwelekea Haji uso kwa uso. Nikampa kibodi kifuani.

Alianza polepole, kama aliyebeba abiria. Taa za gari zikamulika lami. Akapita kona ya kwanza, akapita penye miti mingi.

"Pale pana gogo," akasema. Kisha akasema, "Na yule mtu kasimama ukingoni." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Alimaliza njia yote mpaka mwisho, ndipo akaiachia kibodi.

"Mwanaidi, kesho siendi."

"Huendi wapi?"

"Ofisini. Nitakwenda siku ya kuanza kazi."

Nilimwambia hata hivyo akapimwe macho kweli kweli, maana kazi yangu ni vioo vya kompyuta, macho ya watu yana wenyewe. Alikwenda, akaambiwa ni mazima. Sikutaka mtu aendeshe basi kwa ushahidi wa muuza skrini.

Likabaki tatizo la zawadi. Madereva walikuwa wakija kila wiki, na Haji hakutaka waje waikute zawadi yao inakalia kibao cha mbuzi. Nikalipeleka shauri kwa Mzee Odhiambo. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Hiyo ni kazi rahisi," akasema. "Tunaipindua, kichwa chini miguu juu. Halafu tunaambia computer nayo ipindue picha. Sasa ile upande mbaya itaangalia dari, na dari haichezi gemu."

Tukaenda wote wawili, tukaing'oa mguu wake, tukaifunga ukutani juu ya lile kabati, kichwa chini. Kutoka kitandani rangi zilipauka kidogo, lakini njia ilionekana mwanzo mpaka mwisho, na heshima ya watu ikabaki juu palepale walipoiweka. Kasoro ilikuwa moja tu, jina la mtengenezaji lilisimama kwa kichwa. Wenzake walipomuuliza, Haji aliwaambia siku hizi ndivyo zinavyotoka. Mmoja wao alikuja dukani kwetu kuulizia kama tunazo hizo.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu yote. Nilitandika mkeka nyuma ya duka, na nikaweka kistuli, na kiti cha kawaida. Aliyekuja kununua skrini nilimuuliza anachezea wapi, na nikamketisha hivyo hivyo. Mzee Odhiambo aliuona kama kichekesho mwanzoni, mwisho akawa yeye ndiye anayewalaza watu chini. Wazungu waliokuja kwa bei nafuu walitushangaa, wengine walilala wakacheka, lakini walilala. Na niligundua jambo ambalo hakuna sanduku lililoliandika: katika nyumba zetu hakuna anayecheza peke yake. Anacheza mmoja, na wanaotazama wameketi sakafuni, na mdogo kabisa kalala kwa tumbo mbele ya wote. Anayeshika usukani anaona picha moja, na waliobaki wanaona nyingine, na ndio maana wanagombana kama bao limeingia au halikuingia.

Kwa hiyo nendeni dukani, na mkifika msiogope macho ya watu. Ketini chini. Laleni ubavu kama ndivyo mnavyocheza. Wekeni picha ya kiza, si ya maua. Muiteni na mwenzenu asimame pembeni aseme anaona nini, na asiseme kwa adabu.

Bwana Haji alirudi kazini majira ya baridi. Mimi sikujua amepangiwa njia gani. Asubuhi moja nilikuwa kituoni nakwenda kufungua duka, alfajiri hata haijapambazuka, na taa ya kituo ilikuwa imeharibika. Nilikuwa na buibui, na koti jeusi juu yake, na mtandio mweusi. Madereva wengi walikuwa wakinipita mahali pale, hata nilizoea kuwapungia simu yangu ili waone mwanga. Siku ile simu ilikuwa bado imo kwenye mfuko wangu wa Kisumu, na basi lilikuwa mbali, taa zake tu. Likapunguza mwendo mapema, taratibu, likasimama mlango wake sawasawa na miguu yangu.

Mlango ukafunguka. "Nimekuona toka kule kwenye kona, Bi Salma," akasema Haji. "Panda, nje baridi."